Kalibu

"Fika saa sifuri asubuhi," ujumbe ulisema,
na mama mmoja wa Dandora akaja kliniki usiku wa manane,
akaketi langoni na bawabu hadi kukapambazuka.
Kosa langu. Mstari mmoja wa hesabu:
jumlisha sita, gawa kwa kumi na mbili, chukua baki.
Baki likiwa sifuri, nani alikumbuka
kwamba saa yetu haina sifuri, ina thenashara?

Nikaurekebisha. Lakini mstari ule nilishaunakili
kwenye programu ya shule, ya duka la dawa,
ya chama cha akina mama Kayole,
na nyingine Mumbua aliyoibeba bila kuuliza.

Chumba changu kiko juu ya karakana, Kariobangi.
Chini, Makokha anayeyusha alumini chakavu,
rimu za magari, milango ya friji,
anamimina kwenye mchanga, na sufuria inatoka
ndugu ya jana.
Nilimwuliza siri yake.
"Siri gani? Ukiniona naigonga sufuria nyundo,
jua kalibu imeharibika."

Basi usiku huu natengeneza kalibu.
Folda ya chanzo, niandike kwa nafasi, na maelezo, hata utani;
folda ya kitakachotoka, ambayo mkono wangu hauigusi.
Kati yake amri moja:
kagua, jaribu, unganisha, kamua.
Majina marefu niliyoyapenda, saaYaMgonjwa, wakatiWaKufika,
yanatokea upande wa pili yakiwa a, yakiwa b,
kama watoto walionyolewa shule zikifunguliwa.

Mara ya kwanza ilikataa.
Mara ya pili ilikataa kwa sababu nyingine.
Mara ya tatu stima ikapotea mtaa mzima,
nikamsikia Makokha akiitukana feni ya tanuri gizani.

Jaribio la kwanza nililoliandika halina ufundi wowote:
alfajiri isiitwe sifuri.
Nimelipa jina la yule mama, Kwamboka,
nililolikuta kwenye orodha ya kliniki.
Radhi sijamwomba bado.

Stima ikarudi. Mistari ikapanda kwenye kioo:
kijani, kijani,
ikasita kwa Kwamboka,
kijani.
Toleo la moja, nukta, sifuri, nukta, sifuri.
Hizo sifuri mbili ziko mahali pake.

Nikamwandikia Mumbua: futa wako, chukua huu,
na nikiurekebisha tena, wewe vuta tu toleo jipya.
Akajibu papo hapo, kwa hasira ya mtu aliyeamshwa:
"Kwani huko kwako ni saa ngapi?"