Msaga Wino

Nilimsagia wino Waziri Maeng Si-hyeop
miaka kumi na tisa. Mche mweusi, jiwe, matone ya maji,
mkono ukizunguka polepole kama wa mtu abembelezaye mgonjwa.
Sikujua kusoma. Nilijua uzito:
wino wa barua kwa mama yake ulikuwa mwepesi,
wa sheria aliutaka mzito kama lami.

Siku ya sheria ya mwani alikuwa anakula peasi.
Akafuta vidole kwanza, akaandika bila kusita:
matita kumi kwa kila jiko, visiwa vyote vya kusini;
jiko likizimika, majirani walilipie.
Mfalme akausifu mwandiko.
Mimi nikasuuza jiwe, nikaenda kulala.

Miaka sita, kisha baraza likageuka.
Mtu fulani alisema jambo, mwingine akaapa kalisikia.
Wakamvua kofia ya manyoya ya farasi,
wakatuvusha maji, yeye na mimi na kasha la vitabu,
hadi kisiwa alichokijua kwa jina tu,
mstari wa tatu, safu ya matita.

Nyumba ya udongo, uzio wa miiba, sakafu isiyopata moto.
Usiku wa kwanza alitunga, si kwa herufi za wasomi,
bali kwa zile nyepesi ambazo wapishi huandikiana:

*Baridi yapiga hodi, sina mkeka wa pili,*
*wala kuni za mgeni, nami pia ni mgeni;*
*keti, tugawane giza, nusu yako, nusu yangu.*

Aliponisomea nilicheka.
Mimi hakuwahi kunigawia kitu.

Mwezi wa pili akaja Jeom-rye mzamiaji,
nywele zikidondosha chumvi, sikio moja limezibwa na kina.
Akaweka mayai matatu kizingitini.
"Wewe unayajua maneno ya mji mkuu. Niandikie.
Mume wangu alizama mwaka juzi, mkwe naye kafa,
na karani bado anayahesabu majiko yao.
Mimi ni jiko moja, nalipia matatu.
Aliyetunga hili, hebu niambie, alikuwa na mikono?"

Bwana wangu akatazama mikono yake.
Mimi nikatazama jiwe.

Akaandika usiku kucha. Wino aliutaka mwepesi,
"mwepesi zaidi, Eok-swe,"
hata nikaona karatasi chini ya maneno.

Jibu lilifika majani yakipukutika. Akanisomea:
hakuna hoja, sheria iko wazi,
jiko likizimika, majirani walilipie.
Mwandiko ulikuwa wa mwanafunzi wake.
Alimfundisha vizuri; hata mkia wa herufi ya mwisho
uliinuka vilevile.

Kesho yake akashuka ufukweni kumwambia yule mama.
Nilikuwa mbali, sikusikia. Niliona tu Jeom-rye
amesimama kitambo kirefu,
kisha akamtwika kapu la mwani mbichi,
maji yakimtiririka bwana mgongoni,
wala hakumwambia alipeleke wapi.

Alibeba majira manne ya baridi.
Mashairi ya siku hizo ni mafupi, yana shombo.
Mengine aliandika kwa mkaa, bila mimi.

Msamaha ulifika siku arobaini baada ya maziko:
cheo kimerudishwa, muhuri, hariri nyekundu.
Mjumbe akauliza maandishi ya marehemu yako wapi.
Nikamwonyesha dirisha la Jeom-rye.
Ameliziba kwa karatasi zake, tabaka juu ya tabaka,
upande wenye maneno ukitazama ndani.

Tukapiga hodi. Mwenyewe alikuwa majini.
Tukangoja uani, theluji ikianza,
mjumbe na hariri yake,
mimi na kipande cha wino kilichobaki,
kidogo kama punje ya kunde.