Majina ya Bati

Ubao wetu wa matokeo hautumii umeme.
Mtu huingia ndani yake kwa ngazi,
hukaa na popo na makopo ya rangi,
akautazama mchezo kupitia tundu la awamu ya saba.
Mtu huyo ni mimi, mwaka wa ishirini na sita huu.

Halina Pruszynski ndiye huandika majina.
Bati jeusi, herufi nyeupe, misumari miwili.
Mkono wake hautetemeki ila Julai,
maana Julai ndipo simu za wakubwa huanza kulia
na mabati huanza kushuka.

Leo ni tarehe thelathini na moja.
Tumeshinda hamsini na moja, tumepoteza hamsini na nne.
Kiti cha mwisho cha mchujo kiko michezo minne mbele yetu:
karibu mno kukata tamaa,
mbali mno kuagiza shampeni.

Na pale katikati, juu ya kile kichuguu tunachokiita kilima,
amesimama Eudomar Luciano,
mkono wa kushoto, miaka ishirini na saba.
Mpira wake humfikia mgongaji kama habari ya msiba:
ukija kuustukia, umeshafika.
Mkataba wake unaisha mwakani.
Matajiri wa pwani wanaweza kumlipa yeye peke yake
pesa tunazolipa sisi timu nzima, pamoja na mfagizi.

Muuze, anasema Halina, akichovya brashi.
Muuze leo angali na bei.
Marehemu Zenon wangu alikuwa kwenye tanuru la chuma.
Kila mwaka waliambiwa, bado mwaka mmoja, linavuta,
hadi siku lango lilipofungwa kwa mnyororo
na tanuru likauzwa kwa kilo.

Mimi nasema: Halina, mara ngapi?
Tulimuuza Tejeda tukapewa vijana watatu.
Mmoja bega lilimwishia.
Mmoja alirudi kwao Oklahoma kuuza matrekta.
Wa tatu ndiye huyu Eudomar.
Mbegu imeota, imezaa,
na leo, siku ya kula, mnaniambia ni siku ya kupanda.
Shamba gani hili
lenye msimu mmoja tu?

Hajibu. Hana haja.
Anajua kwamba najua: Tejeda mwenyewe
tulimpata kwa kumuuza Hargett,
na Tejeda ndiye aliyetufikisha Oktoba,
usiku mmoja, baridi ya kuuma meno,
watu wazima wakilia kwenye maegesho ya magari
wamekumbatia watu wasiowajua.
Nilikumbatiwa na askari wa trafiki.
Sijasahau harufu ya koti lake.

Awamu ya tano, kocha anatoka kibandani.
Hatembei kama mtu anayekwenda kutoa ushauri.
Anafika, anamkumbatia.
Uwanja unaelewa kabla ya redio.
Eudomar anavua kofia, anaitazama, anaivaa tena
kama mtu asiye na hakika ni ya nani.
Chini yangu mvulana mwenye jezi namba thelathini na nane
anamuuliza baba yake kama duka hurudisha pesa.

Nang'oa misumari miwili.
Bati halitupwi. Halina huyabeba nyumbani;
ameliezekea banda la gari lake:
Hargett, Tejeda, Fonoti, Brandvold,
yamepishana kama magamba ya samaki.
Nilikwenda huko siku moja ya mvua kubwa.
Halivuji hata tone.

Safari hii tumepewa wanne.
Mkubwa wao ana miaka ishirini.
Halina anataka tahajia ya majina yao, sasa hivi,
namwambia hao hawatafika hapa kabla ya miaka mitatu,
wakifika.
Anafungua kopo jipya hivyo hivyo.

Na mimi nina sifuri ya kutundika,
maana mrushaji wa akiba amewatoa watatu kwa mipira kumi na mmoja,
na hakuna anayetazama,
na tunaongoza, kwa taarifa yenu,
tatu kwa mbili.