Lango Limefungwa

Salasala, kilimani, saa nne asubuhi.
Boza la maji linaingia getini kinyumenyume,
lita elfu kumi, safari ya tatu tangu juzi,
na kwa jirani mwanamke amesimama na ndoo mbili tupu
akisikiliza maji ya watu yanavyoshuka.
Hilo halimo kwenye fomu yangu.

Fomu yangu ina maswali kumi na manne.
Umbali toka mpakani. Umbali toka shimo la choo.
Kina upande wa watoto, kina upande wa wakubwa.
Maji machafu yatakwenda wapi, na yasiende kwa nani.
Nina futi kamba, kalamu ya wino mwekundu,
na mkobani, chini ya chapati, mpira wa tenisi
ulionyonyoka manyoya.

Bwana Mwaisaka ananizungusha
kama bwana harusi mwenye suti ya kukodi.
Vigae vya samawati. Taa za chini ya maji.
"Mkaguzi, uzio wa nini tena?
Ukuta wangu futi kumi, juu chupa, juu ya chupa umeme.
Mbwa wawili. Mlinzi ana rungu na tochi.
Nani atapita kote huko aje azame?"

Nikamwambia: ukuta ule umemjengea mwizi.
Mimi nimetumwa kwa walioko ndani.

Akacheka. Nikautoa mpira.
Nikaenda mlango wa jikoni, ule unaoshinda wazi
kwa sababu ya joto,
nikauweka kizingitini, nikauachia.

Sikuusukuma. Nasema tena, sikuusukuma.
Fundi aliyelaza sakafu ile aliijua kazi yake:
maji yasituame, kila tone lielekee bondeni.
Mpira ukafuata njia ya tone.
Ukapita viti. Ukapita kandambili za mtu mdogo,
moja imelala kifudifudi.
Nilihesabu kimoyomoyo. Tisa, kumi, kumi na moja.
Chubwi,
ndogo, kama mtu anayemeza mate.

Itika, miaka mitatu, alikuwa ameshaanza kuufuata.
Skola akamdaka kwa mkono wenye sabuni.
Lilibaki boza tu, likimimina.

Wiki mbili baadaye nimerudi.
Uzio upo, nondo zimesimama wima, karibu karibu,
hakuna pa kutia unyayo.
Lango lina springi, komeo liko juu
mkono wa mtoto usikofika.
Swali la tisa: Lango limefungwa? Ndiyo. Hapana.

Hapo Kiswahili kikanitega.
Limefungwa: fundi amelifunga Jumanne,
bawaba nne, risiti hii hapa.
Halijafungwa: liko wazi kama mdomo wa aliyesinzia,
limeegemezwa kipande cha tofali.

"Ni mimi," Skola akasema kabla sijauliza.
"Kamba ya kuanikia iko kule, ng'ambo ya bwawa.
Beseni ni mikono miwili, mama.
Komeo nilifungue na nini, meno?"

Niliinama, nikaliondoa tofali.
Lango likajirudi lenyewe, ka,
sauti kavu, kama ya mtu aliyekata shauri.
Kisha tukapanda kigoda kwa zamu, mimi na Skola,
tukafungua fundo la kamba, lilikuwa la miaka,
tukaihamishia huku, toka nondo ya dirisha la jikoni
hadi kwenye mpapai.
Mashuka ya Bwana Mwaisaka yakaning'inia
mbele ya sebule yake, yakamzibia bwawa lote.
Alikohoa. Akaliacha hivyo.

Ofisini, Bwana Mshamu amezungushia wino maoni yangu:
"Kamba ya nguo ihamishwe? Kwa kifungu gani?"
Bado sijamjibu.
Kipande cha tofali kiko mezani, juu ya mafaili.
Feni inavuma, karatasi zinapapatika kando,
lakini hazitoki.