Vikombe Vitatu

Saa moja na nusu asubuhi nimemaliza kikombe cha tatu.
Kwetu Mpunguzi maji hayanywewi hivi,
kwa amri, bila kiu,
kama mtu anayejaza dumu la jirani.
Lakini Eliwaza, binti wa mashine, kanieleza:
kibofu kikijaa, utumbo husogea pembeni,
mionzi ipite isiuguse.
Basi nimejaza. Nabana. Nahesabu vigae.

Benchini tupo watatu
na tunalinganisha,
kama wakulima wanavyolinganisha bei ya kreti.

Chidawali kaja kupima damu tu.
Yeye alitibiwa zamani, huko Pwani kwa mwanawe,
siku thelathini na tisa:
mbele, nyuma, kushoto, kulia,
tezi ikiwa katikati ya boksi la moto.
Saratani ilikufa. Lakini hata leo
akiingia mahali popote, harusini, kanisani,
kwanza anauliza choo kiko wapi.
Namwelewa. Nasi tulipulizia salfa shamba zima
kwa ubwiri unga wa mzabibu mmoja.
Ubwiri uliisha. Na majani mazuri tuliyaunguza.

Kisuda wa Kondoa hakupigwa kwa nje.
Walimlaza nusu kaputi, wakamchoma sindano kumi na sita,
chembe moja ya mionzi ikaingia, ikatoka,
ikaingia, ikatoka,
kama mgeni anayesalimia nyumba kwa nyumba.
"Siku mbili tu," anajigamba, "nikapanda basi."
Kisha anainama, anapunguza sauti:
"Ila wiki nzima nilikojoa vipande vya chupa."

Mimi ni wa siku ishirini.
Mashine inanizunguka polepole
na mdomoni mwake vidole vya chuma
vinafunguka, vinafumba,
vinaikata nuru kwa umbo la tezi yangu.
Ni kupogolea huko. Nimeushika mkasi miaka thelathini,
najua mkono unaochagua jicho la kuacha.

Daktari Senyagwa alituchorea kwenye bahasha:
limau hapa, kibofu juu yake, puru nyuma,
vyote vimebanana kama abiria wa sikukuu.
"Kwa kuua ugonjwa," alisema, "kwa hali yako
njia hizi hazipishani sana.
Zinapishana kwa kile zinachokiacha hai."

Nilidhani nimemaliza maswali.
Mama Nyemo akauliza lile langu:
"Na usiku, daktari?"
Daktari akavua miwani.
"Wengine hurudi. Wengine hurudi nusu.
Wengine hapana. Siwezi kukuahidi, mama."
Tukatoka. Hakuna aliyesema neno mpaka stendi,
na stendi tulizungumzia nauli.

Ukiniuliza kwa nini ishirini, sina jibu la kisomi.
Wiki nne nauli inatosha,
na mizabibu haisubiri:
wiki ya tano lazima niwe shambani na mkasi wangu.

Siku ya kumi na moja mashine ilichelewa
na maji yangu hayakuchelewa.
Yalitiririka mpaka kwenye ndala za Kisuda,
mbele ya watu, mimi, baba wa watoto saba.
Nilitaka sakafu inimeze.
Eliwaza akaleta dekio, hakuniangalia usoni,
na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mionzi.
"Tunaanza upya, baba," akasema. "Vikombe vitatu."
Kisuda akavua ndala, akazikung'uta, akasogea
nipate nafasi ya kukaa.

Leo nimelala palepale. Usitikisike, wameniambia.
Nyongani nina nukta tatu za wino,
ndogo kama chawa, hazifutiki,
ndizo mashine inazotumia kunitambua.

Jana usiku Mama Nyemo alizitafuta gizani kwa kidole.
Kidole hakiwezi kuhisi wino, nilimwambia.
Akaendelea kutafuta.