Mstari wa Mia Mbili na Sita

Mwaka mzima kompaila ilinionya kwa manjano,
kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi
asiyethubutu kusukuma mlango.
Maonyo kumi na manne. Kisha arobaini.
Kisha mia moja arobaini na matatu.
Murhula, mkubwa wangu, alisema:
«Inatembea? Basi. Onyo si kosa.»
Nikasogeza skrini, yale manjano yakapita
kama maji machafu yanayoshuka Kadutu siku ya mvua:
unayaruka, unaendelea na safari.

Programu ilikuwa ya mizani ya kahawa,
huko kando ya ziwa, njia ya Kalehe.
Mkulima anaweka ndoo, namba inatokea,
karani anahesabu franga.

Siku moja Nsimire akapanda ngazi zetu za Nyawera
na daftari la shule, jalada limechanika,
kurasa zimejaa penseli:
saba na gramu mia nane, nimelipwa saba.
Kumi na mbili na mia tisa, nimelipwa kumi na mbili.
Misimu miwili, akipima kwanza
kwa mizani ya jirani yake muuza sambaza.
Hakupiga kelele.
«Gramu zangu zinaenda wapi?»

Nilijua zinakoenda.
Mstari wa mia mbili na sita:
namba ya desimali inamiminwa ndani ya namba kamili,
thamani inaweza kupotea.
Inaweza. Neno la upole namna hiyo.
Lilikuwa mbele yangu kila asubuhi
nikinywa chai.

Usiku ule niliongeza agizo moja:
kila onyo lihesabiwe kosa.
Nikabonyeza. Mistari ya manjano ikawa myekundu yote,
programu ikakataa kuzaliwa.
Halafu umeme ukakatika,
nikaendelea kwa betri, kisha kwa kalamu.

Murhula alifoka siku tatu. Nne.
Karani akapiga simu: «Mashini yenu imegoma.»
Imegoma, ndiyo.
Ilichelewa kugoma.

Deni la gramu bado linapigiwa hesabu.
Na onyo, limebaki moja.
Si la mizani; ni kigeu kilichotajwa kisitumike,
hakimwibii mtu.
Najua alama ya kulinyamazisha, herufi chache tu,
hakuna atakayeona.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Mezani, daftari la Nsimire, aliloliacha makusudi,
limefunguka penye saba na mia nane.