Nilipofungua Daftari la Bahizire

Alianza kunionyesha mstari unaopanda,
ukutani, kwa mwanga wa projekta,
mstari mwekundu ukikwea kama njia ya Kibati
hadi mwaka ambao hakuna aliyeuona.
Nikasema: zima hiyo, baba. Lete daftari.

Ofisi iko Himbi, ghorofa ya pili,
ukuta wa mawe meusi, kahawa imepoa.
Benki: dola elfu kumi na nane na mia nne.
Kila mwezi zinatoka elfu tisa na mia mbili.
Sikuhitaji kikokotoo.
Mama yangu aliuza viazi Birere miaka ishirini;
alijua gunia litaisha siku gani
kwa kulinyanyua tu.

"Lakini tuna mali," akasema Bahizire,
kidole kikatua penye elfu sitini:
deni la shirika moja lenye magari meupe,
ankara ya mwezi wa pili, na sasa ni wa kumi.
Nikauliza nani aliwapigia simu mara ya mwisho.
Akamtazama Nsimire, mhasibu. Nsimire akatazama kahawa.
Deni lisilodaiwa si mali,
ni hadithi iliyopigwa muhuri.

Nikashuka uani.
Jenereta inanguruma, inakunywa mazutu
kuliko wahandisi wanavyokula.
Nikamuuliza Kambale, mlinzi, habari za mshahara.
"Wa mwezi wa nane ulikuja nusu," akacheka,
"ila kiyoyozi kilikuja kizima."
Mizania yote niliisomea hapo getini.

Nilikuwa nimeshachukua mkoba
Nsimire aliponifuata na karatasi
ambazo hazikupanda ukutani:
waendesha chukudu mia nne na kumi na wawili,
kila mmoja faranga mia mbili kila jioni,
ada ya kutunziwa akiba kwenye simu.
Mvua ikinyesha, wanalipa.
Barabara ya Sake ikifungwa, wanalipa nusu,
kesho yake wanamalizia.
Hakuna anayewakumbusha.
Kwa mwezi haifiki dola elfu moja.
Nikaketi tena, kwenye ngazi.

Pembeni nikaandika kwa penseli:
uza gari, uza projekta, hamia chumba kimoja,
mlipe Kambale.

Bahizire akauliza: hiyo ni ndiyo au ni hapana?
Nje chukudu iliteremka na mifuko ya saruji,
mwenyewe kapiga goti juu yake,
breki yake kipande cha tairi.

Nikamwambia: sijui bado. Nipe miezi miwili.
Akasema: ndiyo hiyo tu niliyo nayo.