Mstari Mmoja

Afande, fomu yako ina mstari mmoja tu
pale palipoandikwa *Aliyesababisha*.
Kalamu umeshaishika, jina umeshalijua:
Gwamaka Mwalyego, dereva, miaka thelathini na minne, marehemu.
Jina la maiti huandikika upesi.
Halina wakili, halina shemeji mkoani,
halitakuja kesho kukuuliza kwa nini.

Ngoja kidogo.
Gereji yangu iko Uyole, nyuma ya wauza mbao.
Jumanne ile mvua ilikuwa haijakatika tangu usiku,
baridi inafanya spana ing'ate vidole,
na Gwamaka akaliingiza tela likihema kama mwenye pumu,
fyuu, fyuu, gurudumu la nyuma kushoto.
Nikalala kwenye matope na tochi mdomoni.
Chemba imepasuka.
Leningi zimebaki ganda la kitunguu.

Tukampigia tajiri. Simu iliwekwa sauti kubwa,
kwa hiyo hili sikusimuliwa:
"Mbolea ya kukuzia inasubiriwa Vwawa, mahindi hayangoji.
Ziba hapo aende. Akirudi tutafunga mpya."

Ziba hapo.
Kila fundi wa barabara hii anaijua kazi hiyo.
Unakata hosi ya upepo, unachomeka bolti, unakaza klipu,
na gurudumu linasahau kwamba liliwahi kuwa na breki.
Nilipewa elfu kumi na tano.
Nilizipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Yeye alikunywa chai yake wima,
macho yakifumba kati ya funda na funda.
Nikamwambia, lala hata saa moja humu ndani.
Akacheka: "Fundi, mimi silipwi kwa mwezi,
nalipwa kwa tripu. Usingizi wangu nani ataununua?"

Magunia mia sita yamo kwenye karatasi.
Yale arobaini ya juu hayamo.
Kuna mizani ilisimama chini yake usiku ikayaona,
ikafumba jicho. Kawaulize wanaoliamsha ni kiasi gani.

Mteremko wa Iwambi hauna hila, afande.
Uko pale pale tangu nizaliwe,
hauombi kitu ila gia nzito na breki zote.
Tuntufye, yule utingo aliyeruka,
anasema juu kabisa Gwamaka aliachia gia huru
ili dizeli ibaki, maana dizeli inayobaki
ndiyo ada ya watoto.
Hilo ni kosa lake, liandike, silifichi.
Breki ilimjibu mara ya kwanza.
Ya pili ikatoa moshi.
Ya tatu, mguu ukafika sakafuni bila kukutana na mtu.

Alipiga honi mpaka Mbalizi.

Sekela alikuwa ameinama anapanga parachichi
tano tano, lile zuri juu.
Mvua ilikuwa inapiga turubai lake,
labda ndiyo maana honi hakuisikia.
Watu wameshaanza kusema:
alikuwa amekaa ndani ya eneo la barabara.
Ushuru wa meza ile alikuwa akilipa kila asubuhi,
na stakabadhi alikuwa akipewa.

Watu wa bima watakuja na kamera zao.
Nao watataka jina moja,
kwa kuwa jina moja ni jepesi kulipa,
na jepesi zaidi kutolipa.

Hiyo bolti iliyo mezani, kwenye mfuko wa nailoni,
ni namba kumi na nne.
Sihitaji kuisogelea.
Kichwa chake kimechubuka upande mmoja
kwa sababu spana yangu imelika,
na tangu Pasaka nasema nitanunua nyingine.

Geuza karatasi, afande, nyuma ni tupu.
Anza na mimi: Ambakisye Mwaipaja, fundi, Uyole.
Andika na zile elfu kumi na tano, kwa tarakimu na kwa maneno.
Kisha usiifunge kalamu.